Nyumba ya Bwana Afya Ilikuwa na Tairi Sita

Hodi ya kwanza niliyompigia niliipiga kwenye bati la ubavuni mwa gari, na hakuipenda. "Hapo unapiga jikoni," aliniambia akichungulia dirishani. "Zunguka mbele. Mlango upo, baraza ipo, na hodi inapigwa barazani kama kwa watu wengine." Baraza yenyewe ilikuwa kipande cha zulia la plastiki kilichotandikwa chini ya ngazi ya basi, na juu yake ndala mbili zimepangwa zikitazama nje. Nikazunguka, nikapiga hodi mara tatu kwenye mlango ulio wazi, na mwenye nyumba kasimama mbele yangu ananitazama. Alisubiri nimalize ya tatu ndipo akasema karibu.

Alikuwa bwana afya, na mpaka leo simwiti kwa jina lingine. Miaka na miaka alitembea vijiji vya Kibaha na Kisarawe akikagua vyoo, visima, mabucha na migahawa, akichukiwa na wenye hoteli na kupendwa na wanafunzi aliowafundisha kunawa mikono kwa kuimba. Wenzake walipostaafu walinunua viwanja na saruji. Yeye kiinua mgongo chake alikinunulia basi dogo lililokuwa la shule, rangi ya njano iliyopauka, tairi sita, injini nzima na viti vibovu. Aling'oa viti vyote akabakiza cha dereva na kimoja cha pembeni yake, kisha akalileta mpaka mbele ya kibanda changu cha kushonea, pale Kwa Mathias, Kibaha, akaniuliza kama najua kushona mapazia ya nyumba inayokimbia.

Nilikuwa sijui. Nilijifunza kwake, kwa kushona na kufumua, na hatimaye kila kitambaa kilichomo ndani ya gari lile kilipita chini ya sindano yangu. Ndiyo maana nathubutu kuandika habari zake, maana waliomjua ni wengi lakini walioijua nyumba yake kwa ndani hawazidi wawili.

Niseme pia kwamba mimi ni Mnyamwezi. Ndoa ilinileta Pwani, ndoa ikaondoka, cherehani ikabaki. Yeye alikuwa Mzaramo. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujajuana, na asiyejua utani alidhani kila siku tunagombana. "Nyinyi kazi yenu tangu zamani ni kubeba mizigo," alikuwa ananiambia, "mtaielewaje nyumba inayojibeba?" Nami namjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma inalia mbali, hata nyumba anaiwekea tairi ili aifuate. Mtani hakasiriki. Hiyo ndiyo kanuni, na nitairudia baadaye kwa sababu iliniponza.

Akifika mahali, jambo la kwanza halikuwa kusalimia. Alichukua sahani ya bati, akaijaza maji, akaiweka sakafuni katikati ya gari na kulala kifudifudi kuitazama. Maji yakielemea upande mmoja, alitoka na mbao zake, akaziweka chini ya tairi za upande ule, akalisogeza gari likapanda juu yake, akarudi kwenye sahani. Hata mara tano. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa amesimama nje na mkono wa salamu ameshaunyoosha, Bwana Afya yuko chini tumbo likigusa sakafu, anaongea na sahani. "Gari likilala upande na wewe unalala upande," alikuwa anasema, "na asubuhi unaamka na shingo ya mtu mwingine. Maji yatulie kwanza, ndipo watu." Nilimwambia siku moja kwamba kwa adabu hiyo atakuja kupigwa. Akasema ameshapigwa huko Mlandizi, na aliyempiga alikuja kuomba radhi baada ya kuonyeshwa sahani.

Ndani, kila kitu kilikuwa na mahali pake. Juu ya madirisha nilimshonea mifuko ya turubai, mmoja wa viberiti, mmoja wa dawa, mmoja wa vitunguu, na kila mfuko una kifuniko cha kufunga kwa kifungo ili mteremkoni vitunguu visije vikamshukia dereva kichwani. Vikombe vilining'inia kwa vipande vya mpira wa tyubu, vinacheza lakini havianguki. Sufuria zilikaa moja ndani ya nyingine, na kati ya moja na nyingine niliweka duara la blanketi kuukuu, tukaliita kitambaa cha kunyamazisha sufuria. Mtungi wa gesi ulikaa nje, kwenye sanduku la bati lenye matundu. Hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja, maana alikuwa amewahi kuona chumba kilicholipuka. Nyanya zilikaa siku nyingi bila kuoza kwenye chungu kilichotumbukizwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa maji. Taa yake ya mezani ilikuwa tochi ya kuvaa kichwani iliyofungwa kwenye dumu la maji ikitazama ndani, na dumu zima likawaka mwanga laini wa kutosha kusoma gazeti.

Mlango wa chandarua ulitutoa jasho. Alitaka ujifunge wenyewe nyuma ya mtu anayeingia na mikono miwili imejaa. Akaleta sumaku alizozitoa kwenye spika za redio mbovu, nikazishona ndani ya pindo, upande huu na upande ule. Ulijifunga vizuri sana. Kisha ukaanza kunasa vijiko. Ukanasa funguo zake, ukanasa mkasi wangu, na ukinasa kitu haukiachii kirahisi. Nilifumua sumaku nusu, naye akasimama juu yangu akinihesabia mishono kama mkaguzi, mpaka nikamwambia akae au atoke. Alitoka, kwa sababu kukaa hakuweza.

Kufua ndiko kulikonifurahisha kuliko vyote. Alikuwa na ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Anatia nguo, maji na sabuni, anaikaza, anaifunga nyuma ya kiti cha dereva, kisha anashika barabara ya vumbi itokayo Mlandizi kwenda Mzenga. Akifika kule nguo zimeshafuliwa na mashimo, anasuuza na kuanika. Mwaka mmoja greda likapita kuisawazisha barabara ile na wananchi wakashangilia. Yeye alikuja kwangu amenuna. Shati lake, alisema, limefika Mzenga na uchafu wote kwenye kola.

"Kisicho na kazi mbili kishuke." Hayo ndiyo maneno aliyoyasema kuliko yote. Kitanda kilikuwa sanduku la nguo, meza ilikuwa ubao wa kukatia, ngazi ya kupandia paa kwenye sola ilikuwa kamba ya kuanikia ikilazwa. Nilimpelekea zawadi ya mto wenye maua, akaupindua mara mbili na kuniuliza kazi yake ya pili. Nikamwambia kazi ya pili ni kumtupia nao. Akaupokea.

Lakini karibu na mlango, mahali pazuri kuliko pote, alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Ya mti mzito mweusi, ya kizamani, ubao wa kukalia umelainika katikati kwa kukaliwa. Hakuwahi kukuna nazi. Alinunua tui la unga la pakiti, mbele ya macho yangu, Mzaramo mzima. Nilipomuuliza mbuzi inafanya kazi gani alisema ni kigoda. Nikataka kukaa. "Usikae," akasema, haraka, kwa sauti ambayo si ya utani. Baadaye aliniomba niishonee kile chuma kofia ya kitambaa kinene ili kisimkate mtu. Nilishona nyekundu. Kwa hiyo ndani ya nyumba ambamo hata ndoo ina vyeo viwili kulikuwa na kigoda kisichokaliwa na mbuzi isiyokuna, kimevaa kofia, na mimi sikuuliza tena.

Alikuwa na ukaidi mwingine, na huu watu waliufaidi. Mtu aliyewapeleka wenzake mbele ya baraza la kata kwa kukosa choo, nyumba yake mwenyewe haikuwa na choo. Siku moja niliandamana naye mpaka Kwala kupeleka mapazia ya mteja, na alipokwisha kupima maji yake akaenda kwa familia moja ya wafugaji, Wasukuma, kuwaeleza habari ya kuchemsha maziwa na kuchimba shimo mbali na kisima. Hakuna aliyemtuma, alikuwa ameshastaafu. Mama mwenye mji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono kifuani.

"Tumekusikia, baba," akasema. "Sasa na wewe tuonyeshe cha kwako."

"Changu nini?"

"Choo, baba. Tumelizunguka gari lako lote. Tumeona jiko, tumeona kitanda, tumeona mpaka kamba ya nguo. Choo hatukuona."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bwana Afya hakucheka. Alienda nyuma ya gari akashusha ndoo yenye kiti cha mbao, gunia la majivu, na hema jembamba la kusimama nililomshonea mwenyewe nikidhani ni la kuogea. Akaeleza kila kitu pale pale, mbele ya wake na waume: majivu kiasi gani kila mara, shimo la kufukia lenye kina gani, hatua ngapi kutoka kwenye maji. Mama yule akauliza kama majivu ya kinyesi cha ng'ombe nayo yanafaa. Wakaingia kwenye mjadala mrefu. Tulipopita tena Kwala baada ya miezi mingi tulikuta ndoo kama ile nyuma ya zizi, kwa ajili ya bibi asiyeweza kuchuchumaa, na kiti chake kilikuwa kizuri kuliko cha Bwana Afya. Mwenyewe alikikagua, akaandika vipimo vyake kwenye kidaftari.

Siku zake zilikuwa nne. Asubuhi ya siku ya nne gari linawashwa, awe Kwala, Mlandizi, Kisarawe au mbele ya kibanda changu. Hapakuwa na sababu. Umemwalika kula, nyama iko jikoni, yeye anakwambia leo ni ya nne. Hata ndani ya siku hizo hakutulia. Kwenye kiti alikaa ukingoni kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, vidole vikipiga gotini, jicho liko kwenye kamba fulani iliyolegea. Chai aliinywa nusu. Kila kikombe alichopewa kwangu, kwa miaka yote ile, nilikimwaga nusu. Ilinikera. Mimi ninayekaa mbele ya cherehani kuanzia asubuhi, mguu unakanyaga lakini siendi popote, nilikuwa naona kama ananikebehi. Na niseme kweli yote, nilikuwa namwonea wivu. Gari likiondoka nilibaki nasikiliza injini mpaka ipotelee kwenye kelele za mabasi ya barabara kuu, na kazi ya saa nzima inayofuata ilikuwa mishono ya kufumua.

Watu walimuuliza atajenga lini. Yeye anajibu, "Nimeshajenga, mbona mnapaegemea?" Lakini nyuma yake watu wazima waliulizana swali jingine, lile linaloulizwa kwetu kwa kila mtu asiye na nyumba. Akifa, msiba wake utawekwa wapi? Maana maiti si tatizo, ardhi inapokea. Tatizo ni walio hai. Turubai lifungwe uani kwa nani, mikeka itandikwe wapi, na mtu aliyetoka mbali na pole yake mkononi aelekezwe nyumba ipi.

Hapo ndipo nilipokosea.

Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akiuza mihogo, alifariki, na Bwana Afya alikuwa katika siku yake ya pili Kwa Mathias. Alikuja msibani kabla ya wengi wetu. Alining'iniza vibuyu chirizi vitatu vya kunawia, vile vidumu vya kukanyaga kijiti maji yakatiririka, akapanga foleni ya vyombo, akawafukuza nzi na wavivu. Mchana mvua ikanyesha na turubai likavuja juu ya wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu. Turubai lile nililishona mimi.

"Hili limeshonwa na nani?" akauliza kwa sauti, akijua. "Mnyamwezi gani huyu anayetuogesha msibani?"

Watu wakacheka. Msibani watani wana ruhusa yao, na mzaha wa mtani huwapumzisha waliochoka kulia. Ilikuwa zamu yangu kujibu na mimi sijawahi kuacha zamu yangu ipite.

"Shukuru wewe unaye wa kukuogesha," nikamwambia. "Lako tutalifunga wapi? Ukifa wewe mikeka tunatandika kwenye bampa? Au tukukimbize barabarani na sufuria za pilau kichwani, siku ya nne imefika, msiba umewashwa injini!"

Kicheko kilipasuka hata kwa wafiwa. Nilijisikia mtu. Nikamtazama nione atanirudishia nini, na nikaona uso wake umefunga. Si kwa hasira, maana mtani hakasiriki, na yeye kanuni aliijua kuliko mimi. Alitabasamu kama inavyotakiwa, akasema, "Hilo swali, Fundi." Akakifunga vizuri kibuyu kimoja kilichokuwa kimelegea, akavaa ndala zake. Gari liliondoka saa kumi jioni, siku ya pili.

Hakurudi. Masika yakapita, vuli ikapita, masika mengine yakaja. Nilimuuliza kila dereva wa lori aliyesimama kununua maji. Mmoja alimwona Mzenga, mwingine alidhani amemwona kwenye msitu karibu na Kisarawe mjini, amesimamisha gari anapima paa kwa futi ya fundi. Simu yake iliita bila kupokelewa. Nikisikia injini yenye kikohozi kama cha lile basi nilitoka nje na futikamba shingoni, na wateja wakazoea kusubiri. Nilikuwa na hasira naye, kisha na mimi mwenyewe, kisha na marehemu muuza mihogo aliyekufa msimu wa mvua. Hakuna usingizi uliokaa.

Aliyenipigia simu ni dada yake, mkubwa kwake kwa miaka minane, ambaye nilikuwa nimemsikia tu kwa jina la Dada wa Kibuta, kijijini kule Kisarawe. "Ndiye fundi wa Kibaha? Njoo na sindano nene na uzi wa magunia. Ndugu yangu mguu wa klachi umemvimba, na gari hapa wiki ya tatu halijatoka."

Wiki ya tatu. Nilifunga kibanda asubuhi iliyofuata.

Dada yake alinisubiri njiani aliponishusha bodaboda, kibibi chembamba chenye mwendo wa haraka, na akanishika mkono tukapita kati ya mihogo na minazi yake. Nikampa shikamoo, akaipokea, na kabla hatujafika akasimama.

"Weye ndiye uliyemtania habari ya msiba?"

Nikasema ndimi.

"Hukujua."

"Sikujua nini, mama?"

Akanieleza, akiwa ameushika mkono wangu vile vile. Bwana Afya alikuwa na mke. Maisha yao yote walikaa nyumba za serikali, uhamisho baada ya uhamisho, mabegi hayafunguki sawasawa. Mke alifia kwenye mojawapo ya nyumba hizo, wilaya ya mbali, wakamzika kule. Mikeka ilikuwa bado iko chini, siku ya kumi, barua ikafika kwamba kituo kimepata mtumishi mpya. Keshokutwa yake likaja lori na makochi ya mtu, na mke wa mtu, na watoto. Ikabidi mikeka ikunjwe. Ndugu waliokuwa bado wako safarini na pole zao walifika pale wakakuta mapazia mengine, na wengine wasiojua walimshika mkono yule mama mgeni wakampa pole, naye hajui wanalia nini.

"Arobaini tuliisomea hapa," akasema dada yake, "marehemu kalala kule. Alichotoka nacho ni mbuzi ya nazi ya mkewe. Miye nimempaka chumba chokaa, kipo. Anasema chumba kizuri, na kesho yake analala garini."

Nilitamani kuung'oa ulimi wangu niufukie pale pale kwenye mihogo. Nililia, na dada yake akaniacha nilie kidogo, kisha akasema ugali unapoa.

Bwana Afya alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, mguu wa kushoto umevimba na umelazwa juu ya dumu. Amekonda. Nilikwenda mpaka kwenye kile kipande cha zulia, nikasimama, nikapiga hodi. Mara tatu. Akangoja zote.

"Karibu. Umechelewa, Mnyamwezi. Ulikuwa umembebea nani mzigo?"

"Shikamoo Bwana Afya. Siku ile mimi..."

"Marahaba. Siku ile uliuliza swali. Swali halikuwa na kosa, jibu ndilo halikuwepo. Nimelifanyia kazi."

Akajiinua kwa kushikilia mlango, akavuta kamba mbili kwenye ukingo wa paa, na kitu kilichokuwa kimeviringishwa huko juu kikaanza kushuka. Turubai. Lilikuwa refu kuliko gari na pana kiasi cha kufunika ua wa dada yake nusu. Nguzo zake ni mabomba ya maji yaliyochomekana, yanalala chini ya kitanda yasipotumika. Alinionyesha sanduku jipya chini ya gari, mikeka sita imeviringishwa humo. Sufuria kubwa za msibani, moja ndani ya nyingine, na kati yake vitambaa vya kunyamazishia. Vibuyu chirizi vitano kwenye kamba moja. Alikuwa amepima hata mteremko wa turubai kwa sahani yake, ili mvua imwagikie upande usio na watu.

"Gari litakapokuwa limesimama, msiba uko hapo," akasema. "Hakuna wa kuleta barua. Kila kitu kimo, Fundi. Kimebaki pindo. Nimeshona mwenyewe, linafumuka."

Lilikuwa linafumuka kweli, mishono ya mwanamume mwenye haraka. Nilikaa kwenye mkeka nikalishona mchana kutwa kwa mkono, uzi wa magunia, mishono miwili miwili, na safari hii nilipitisha nta ili lisivuje. Hatukutaniana sana. Alizunguka akichechemea, akikaza kamba hii na ile, na dada yake akimkemea kila anapopita kwamba mguu hauponi kwa kutembezwa.

Nilipokata uzi wa mwisho akasema tulifanyie majaribio. Tukalifunga. Dada yake akatandika mkeka mmoja, akaenda kuinjika chai. Bwana Afya akapanda ndani ya gari, akateremka amebeba ile mbuzi, na kofia yake nyekundu bado iko kichwani. Akaiweka mwanzo wa mkeka.

"Kaa hapo."

Nikacheka. "Leo inakaliwa? Nitakatwa."

"Kaa, Fundi."

Nikakaa. Ubao ulikuwa umelainika mahali penyewe, kama nilivyodhani miaka yote ile. Yeye akatoka nje ya turubai mpaka kwenye njia, akageuka. Akarudi polepole kama mtu aliyetoka mbali. Kwenye ukingo wa mkeka akavua ndala, akazipanga zikitazama nje.

"Dada ana miaka mingi kuliko mimi," akasema akiwa bado amesimama, "na mtoto sikujaliwa. Nimepima kila kitu nikaona nimesahau mtu wa kushikwa mkono. Watu watafika hapa na pole zao, wampe nani? Wampe gari? Wewe ni mtani wangu. Kazi yako iko msibani."

Nilitafuta la kumjibu. Nilikuwa nayo mengi, ya Mzaramo, ya ngoma, ya bampa. Akapiga goti, kwa shida, kwa ule mguu mzima, akaninyooshea mkono.

"Pole sana, Fundi."

Jibu lake kila mtu analijua. Mtoto mdogo analijua. Unasema nimeshapoa, aliyekuja anasema haya, anatazama saa, anakwenda zake. Nilifungua mdomo niliseme, kwa sababu ilikuwa majaribio tu na mwenyewe alikuwa hai mbele yangu, jasho puani, mkono wake una moto.

"Sijapoa," nikasema.

Hakuuachia mkono. Alinitazama vile alivyokuwa anaitazama sahani, akisubiri kitu kitulie.

"Basi nitakaa," akasema, na akakaa chini kwenye mkeka, mgongo wake akauegemeza kwenye tairi. Dada yake alileta chai. Aliinywa yote.